UZI: Duka la bei nafuu linaweza kutunza mazingira bila kupandisha bei? Tuchambue kwa hesabu

#1 RafuMoja

Wakuu, salaam.

Ukitaja bidhaa inayotunza mazingira, watu wanashika pochi. Imani ni kwamba mazingira na unafuu havikai nyumba moja. Mimi napinga, na nalileta hapa mlikorogee.

Tazameni supamaketi za bei nafuu zinazofuata mtindo wa ndugu Albrecht wa Ujerumani, wale wa Aldi. Duka lina aina 1,500 hadi 2,000 za bidhaa, ilhali supamaketi kubwa ina 30,000 au zaidi. Aina zikiwa chache kila moja inatoka haraka, kwa hiyo inaharibika kidogo. Boksi linakatwa mdomo na kuwekwa rafuni lilivyo. Paleti nzima inasukumwa hadi sakafuni pa duka, hakuna mtu wa kupanga kopo moja moja. Lori linajaa. Jengo ni dogo, kwa hiyo taa na baridi ni kidogo. Hakuna hata kimoja hapo kilichobuniwa kwa ajili ya mazingira, lakini vyote vinapunguza matumizi ya vitu na nishati.

Swali langu: kama mtindo wenyewe tayari unabana matumizi, akiba inavujia wapi? Friji, vifungashio, wazabuni au pipa la taka? Njooni na namba.

#2 FundiBaridi

Friji. Sina haja ya kuzunguka.

Friji na freza hula kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu ya umeme wote wa duka la chakula. Friji la wima lisilo na mlango ndilo baya kuliko yote, kwa sababu asilimia 70 hadi 80 ya mzigo wake ni hewa ya joto inayoingia kwa mbele. Yaani kompresa, ile pampu ya gesi ya friji, inapoza ukumbi, maziwa yanapata mabaki.

Dawa ni milango ya vioo. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoteza fedha: kufunga mlango peke yake hakuokoi kinachotarajiwa. Mlango ukishawekwa, mzigo unaanguka ghafla na kompresa ile ile inakuwa kubwa kupita kiasi. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, na kuwaka kila mara ndiko kunakoiua. Baada ya milango lazima ufanye haya:

- Pandisha presha ya upande wa kunyonya. Kila nyuzi 1 unayopandisha kwenye joto la evapareta (koili ya ndani inayopoza) inapunguza umeme wa kompresa kwa asilimia 2 hadi 3.
- Rekebisha valvu za kutanua gesi, zilikuwa zimepangwa kwa mzigo mkubwa.
- Punguza idadi ya kuyeyusha barafu kwa siku. Unyevu unaoingia sasa ni kidogo, barafu haijengeki kama zamani.
- Kompresa moja kati ya zote iwe na inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota), ifuate mzigo wa usiku.

Halafu kuna gesi ya kupozea inayozunguka mabombani. Mojawapo, R404A, ina nguvu ya kupasha dunia mara 3,922 ya hewa ukaa. Mtambo wenye kilo 200 unaovuja asilimia 15 kwa mwaka, na kiwango hicho ni cha kawaida kabisa, unapoteza kilo 30. Zidisha: tani 117 na ushee za hewa ukaa, bila kuhesabu uniti moja ya umeme. Na hizo kilo 30 zinanunuliwa upya. Kuziba ufa ni mazingira na ni fedha, vyote kwa mkupuo mmoja.

#3 Mnyororo

FundiBaridi, hesabu yako ni safi ila umeanzia mwisho wa safari.

Utafiti wa Poore na Nemecek wa 2018 ulikusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Ukigawa hewa chafu yote ya chakula, maduka ya rejareja yanabeba karibu asilimia 3 tu. Vifungashio 5, usafiri 6, usindikaji 4. Sehemu kubwa iko shambani na kwenye ardhi iliyofyekwa. Kwa hiyo duka likibadilisha friji zote na kuendelea kuuza nyama ya ng'ombe kwa bei ya hasara ili kuvuta wateja, limeosha sahani na kuacha sufuria.

Duka la bei nafuu lina silaha ambayo wengine hawana: chapa yake lenyewe. Bidhaa nyingi rafuni zinatengenezwa kwa maelekezo yake. Linaamua uzito wa chupa, kiasi cha mafuta, zao limetoka ardhi ya namna gani. Na kwa kuwa kila bidhaa ina aina moja au mbili tu, uamuzi mmoja unagusa mamilioni ya pakiti. Wenye aina 30,000 hawana nguvu hiyo.

#4 FundiBaridi

Mnyororo, sikatai asilimia 3. Ila hiyo 3 ndiyo iliyo mkononi mwa duka moja kwa moja, na fundi anaweza kuigusa wiki ijayo. Shamba la watu utalirekebisha lini?

#5 PipaLaNyuma

Mnapigania friji na shamba huku pipa limejaa nyuma ya duka.

Kwa ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, chakula kilichotupwa mwaka 2022 ni tani bilioni 1.05. Majumbani asilimia 60, migahawa na kantini 28, maduka 12. Msije mkasema 12 ni ndogo. Chakula kinachofia dukani kimeshalimwa, kikasindikwa, kikasafirishwa na kikapozwa na zile friji za FundiBaridi. Kimebeba mizigo yenu wote wawili.

Tazameni pia fedha. Tuseme faida ghafi ni 20 kwa kila 100 ya mauzo. Pakiti moja ikitupwa umepoteza 80. Lazima uuze 4 nyingine ili urudi sifuri. Kwa duka linaloishi kwa faida nyembamba, pipa ndilo adui wa bei nafuu kabla hata hujafika kwenye mazingira.

Kinachoharibu ni nini? Sheria ya ofisini kwamba rafu isionekane tupu hadi dakika ya kufunga. Mikate ndiyo mfano mchungu kuliko yote. Tanuri la dukani linaoka mara ya mwisho jioni, aina zote 12, halafu nusu inaishia kwenye gunia. Kinachofanya kazi: saa 3 kabla ya kufunga, oka aina 3 au 4 tu zinazotoka zaidi, nyingine ziache ziishe. Mteja hakosi mkate, anakosa uchaguzi wa aina ya nane.

#6 KiboreshaBei

Naongezea kwa PipaLaNyuma kuhusu kushusha bei, maana watu wanaikosea kila siku.

Mtindo uliozoeleka ni ngazi mbili: punguza kidogo siku mbili kabla ya tarehe, punguza nusu siku ya mwisho. Shida ya ngazi ya pili ni kwamba stika inabandikwa saa ya kufunga, wakati wanunuzi wa jioni wameshapita. Ngazi moja ya asilimia 30 iliyobandikwa asubuhi huokoa pakiti nyingi kuliko ngazi mbili zilizochelewa. Na stika iwe na bakodi yake yenyewe. Isipokuwa nayo keshia atapiga bei ya zamani, mteja atagomba, meneja ataacha zoezi zima ndani ya wiki.

Tenganisheni pia tarehe mbili. "Tumia kabla ya" ni ya usalama, ikipita bidhaa inaondolewa bila mjadala. "Bora kabla ya" ni ya ubora: biskuti, tambi, vitu vya kopo. Kutupa hivyo siku ile ile ni dhambi tupu.

#7 MlaMboga

Asanteni, nasoma kwa makini. Maswali mawili. Mlango kwenye friji hauwafukuzi wateja? Na nasikia kuna friji za gesi ya propani, ile ile ya kupikia. Duka likilipuka je?

#8 Kreti600

MlaMboga watakujibu wenye baridi. Mimi narudi #1, pale RafuMoja aliposifia boksi linalogeuka rafu.

Boksi hilo linatumika mara moja. Linasafiri, linakaa siku mbili, linabanwa marobota. Kwa vitu vikavu sawa, katoni inarejelezwa vizuri. Kwa mboga na matunda kreti ya plastiki inayokunjwa ni bora. Kipimo ni milimita 600 kwa 400, zinaingia 4 kamili kwa tabaka juu ya paleti ya 1200 kwa 800, hakuna kona inayoning'inia. Haibonyei kwa unyevu, kwa hiyo matunda ya chini hayapondeki. Hiyo pekee inaokoa chakula.

Inakwamia wapi? Kwenye kurudi. Kreti haina faida mpaka izunguke mara nyingi, na haizunguki kama lori linarudi tupu, kama hakuna mashine ya kuosha, au kama duka linazigeuza viti vya stoo. Weka amana kwa kila kreti, kila upande uhesabu zinazoingia na zinazotoka, zikunjwe kabla ya kupakiwa. Duka la bei nafuu lina bahati hapa kwa sababu lori lake hutoka ghala moja na kurudi ghala lile lile.

Kuhusu plastiki ya matunda: msiondoe yote kwa hasira. Tango lililovikwa filamu ya gramu chache hukaa muda mrefu zaidi bila kusinyaa. Ukiondoa filamu na tango likatupwa, umepata hasara mara mbili. Ila tango linalofika leo na kuisha leo halihitaji filamu. Kasi ya kuuza ndiyo iamue, picha ya tangazo isiamue.

#9 FundiBaridi

MlaMboga, kwa ufupi. Mlango hauwafukuzi watu kama kioo hakina ukungu na mpira wa mlango haujachanika. Ukungu unatokea ukumbi ukiwa na unyevu mwingi. Waya za kupasha kioo zipo, ila ziwe na kihisi cha unyevu. Zikiwaka saa 24 zinakula ile akiba.

Adui mwingine ni bidhaa kujazwa kupita mstari wa mwisho wa rafu. Hewa baridi inazibwa, chini panaganda, juu panachemka, kisha mtu anakuja kushusha termostati ya friji zima.

Propani, R290: nguvu yake ya kupasha dunia ni 3 tu. Ndiyo, inawaka. Ndiyo maana haiwekwi kwenye mtambo wa kati wenye mabomba yanayopita dukani kote. Inafungwa ndani ya friji moja moja, na kiwango kina mpaka. Zamani ilikuwa gramu 150 kwa kila mzunguko.

#10 Valvu

FundiBaridi hapo umeishia nusu. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa friji za biashara, IEC 60335-2-89, kilirekebishwa 2019. Sasa mpaka ni mara 13 ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto. Kwa propani hicho ni kilo 0.038 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo 13 mara 0.038 ni gramu 494. Friji refu la milango kadhaa linaweza kutumia mzunguko mmoja badala ya mitatu. Yako masharti ya ziada, ikiwemo ukubwa wa chumba na feni ya kuchanganya hewa, na kila nchi ina ratiba yake ya kukikubali.

Na msisahau kasoro ya friji la kujitegemea: joto lake linamwagwa humo humo dukani. Weka friji 30 hivi, kisha kiyoyozi kinahangaika kulitoa. Suluhisho ni bomba la maji linalozunguka friji zote na kupeleka joto nje, kwenye radieta ya juu ya paa. Bila hilo, kwenye joto kali unalipa umeme mara mbili.

#11 FundiBaridi

Sahihi, Valvu. Nimekosoleka, asante. Namba ya 150 nimeizoea mno.

#12 Transi

Kwa nini hakuna aliyetaja hewa ukaa yenyewe kama gesi ya friji? R744, nguvu ya kupasha dunia ni 1. Gesi ni rahisi kununua, haiwaki, na maduka mapya mengi Ulaya yanajengwa nayo.

#13 Valvu

Transi, kwa sababu kuna mtego wa joto. R744 inafika kikomo chake kwenye nyuzi 31 na bar 73.8. Nje pakizidi hapo gesi haigeuki kimiminika tena kwenye kondensa (koili ya nje inayotoa joto), inapoa tu, na ufanisi unaporomoka. Mahali pa joto unahitaji kompresa sambamba, ejekta, au kulowesha hewa inayoingia kwenye kipoza gesi. Vinafanya kazi, lakini bei ya mtambo inapanda, na fundi wa kuuelewa lazima awepo karibu.

Umeme ukikatika nalo ni jambo zito. Mtambo ukisimama, presha inapanda na valvu ya usalama inatoa gesi nje. Gesi yenyewe haikuumi mfukoni, lakini umeme ukirudi mtambo hauna kitu na freza zinayeyuka. Panahitajika kipoza kidogo cha dharura kwenye jenereta, kazi yake ni kushikilia presha tu. Chumba cha mashine kiwe na kihisi chini karibu na sakafu, maana hewa ukaa ni nzito na humkosesha mtu pumzi bila harufu.

Kwa duka la zamani lisilo na mtaji, njia ya kati ni kuhamisha R404A kwenda R448A. Nguvu yake ya kupasha dunia ni 1,387. Zile kilo 30 za #2 zinashuka kutoka tani 117 hadi 41. Badilisha chujio, kagua mipira yote, panga upya valvu. Na kabla ya kuhamisha, toa kwanza zile nati za kubana kwenye viungo uchomelee, rudisha vifuniko vya valvu za kujazia. Gesi mpya kwenye bomba linalovuja ni kumimina maji kwenye kapu.

#14 Mnyororo

Sasa R448A mnaisifu, lakini ndani yake kuna gesi zinazovunjika hewani na kuacha asidi ya TFA, ambayo haiozi kirahisi majini. Na HFC zote, kundi la gesi za kupozea lenye R404A, zinapunguzwa chini ya Makubaliano ya Kigali ya 2016. Ulaya, sheria ya 2014 ilipoanza kubana mgao, bei ya R404A ilipanda mara kadhaa. Anayehamia gesi ya kati leo anaweza kulipa tena baadaye. Hapo bei nafuu iko wapi?

#15 Valvu

Hoja ya haki. Ila mtambo uliobakiza miaka 5 ya maisha huubomoi kwa sababu ya miaka 20 ijayo. Unauziba, unauhamisha, unaanza kuweka akiba ya mpya.

#16 MkatabaMrefu

Nimesoma posti 15 na bado naona mmekwepa mfupa.

Duka la bei nafuu linapata bei yake kwa kushindanisha wazabuni. Tenda ya miezi 12, mwakani tena. Sasa Mnyororo anasema duka lina nguvu ya kubadilisha chupa na mapishi. Nguvu ipo, lakini nani ananunua mashine? Mzabuni. Mashine ya kujaza chupa nyepesi, mtambo wa kusafisha maji taka, boila isiyo ya dizeli, vyote hivyo vinarudisha fedha yake kwa miaka 5 hadi 7. Hakuna benki wala mwenye kiwanda mwenye akili timamu atakayewekeza miaka 7 juu ya mkataba wa mwaka mmoja. Kwa hiyo anajaza dodoso la mazingira, anapiga muhuri, na kiwanda kinabaki vile vile.

Mpeni mkataba wa miaka 3 hadi 5 wenye kiasi cha chini kilichohakikishwa na kanuni ya bei inayofuata bei ya malighafi. Mzabuni atakubali faida ndogo kwa kila pakiti kwa kuwa ana uhakika. Bei inashuka na mashine inanunuliwa. Naamini urefu wa mkataba una uzito kuliko friji zote mlizozitaja.

#17 KiboreshaBei

MkatabaMrefu, umesema kweli nusu. Mkataba mrefu bila ukaguzi humfanya mzabuni alale. Na duka likifungwa miaka 5 na kampuni moja kisha mavuno yakafeli, rafu inakaa tupu. Aina chache maana yake ni kwamba hakuna mbadala pembeni. Gawa 70 kwa 30 kati ya wazabuni wawili.

#18 MkatabaMrefu

70 kwa 30 nakubali. Yule wa 30 naye apewe mkataba mrefu.

#19 MlaMboga

Na mifuko je? Nilisoma kuwa mfuko wa pamba lazima utumike mara 20,000 ndipo uwe bora kuliko wa plastiki. Basi turudi kwenye plastiki?

#20 Kreti600

Namba hiyo inazunguka sana. Inatoka utafiti wa Denmark wa 2018, na inahusu pamba ya kilimo hai ukipima vigezo vyote. Kilichoipandisha ni kigezo cha tabaka la ozoni. Kwa mabadiliko ya tabianchi pekee, mfuko huo huo ni mara 149, na pamba ya kawaida ni mara 52. Bado ni nyingi, lakini mtu anayekwenda dukani kila wiki anafika mara 52 ndani ya mwaka. Duka liuze mfuko, lisiugawe bure. Bei ndogo tu inamkumbusha mtu kubeba wa nyumbani.

#21 JuuYaPaa

Mmelisahau paa. Duka la mtindo huu ni la ghorofa moja, paa bapa, na friji zake zinakula umeme zaidi mchana wa jua kali. Mzigo na sola vinakutana saa ile ile. Kilowati 1 ya paneli za kisasa inachukua takribani mita 5 za mraba. Paa la mita 1,500 ukiacha nafasi za kupita, mifereji na madirisha, tuseme unabaki na 800, hizo ni kilowati kama 160. Kagua kwanza kama nguzo za paa zinabeba uzito, maana majengo haya yalijengwa kwa ubahili na mengi hayakuacha akiba ya uzito. Hapo ndipo miradi mingi inakufia.

Faida halisi ya duka ikiwa 2 kwa kila 100, kuokoa 1,000 ya umeme ni sawa na kuongeza mauzo ya 50,000. Mwonyesheni mhasibu mstari huo kabla ya kumtajia barafu za ncha ya dunia.

#22 PipaLaNyuma

Mstari huo nauchukua niupeleke kwenye pipa.

Maduka yanapanga stoki ya tahadhari (akiba ya ziada endapo mauzo yatapanda ghafla) kwa lengo la bidhaa kuwepo asilimia 99.5 ya muda. Kwa sabuni, sawa. Kwa saladi ya siku 3, ni balaa. Kihesabu, kutoka 98 hadi 99.5 kunapandisha kizidishio cha kukokotoa akiba hiyo kutoka 2.05 hadi 2.58, yaani stoki ya tahadhari inakua kwa robo. Robo hiyo kwa bidhaa inayokufa siku ya tatu inakwenda pipani. Wekeni lengo la 97 au 98 kwa vibichi na 99.5 kwa vikavu. Wengi wana namba moja tu kwenye mfumo kwa duka zima kwa sababu hakuna aliyekaa kuitenganisha.

Na punguzeni ofa za "nunua 3 lipia 2" kwa vibichi. Takwimu ya duka inapendeza, chakula kinakwenda kutupwa nyumbani, kwenye ile asilimia 60. Bei moja ya chini mwaka mzima ni bora, na inatuliza hata oda za kiwandani.

#23 RafuMoja

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Sasa nibaneni: duka moja, mtaji wa kufanya jambo moja tu mwaka huu. Lipi?

#24 FundiBaridi

Kuziba uvujaji. Sabuni ya mapovu, kipima gesi, wiki moja ya kazi. Milango mwakani.

#25 PipaLaNyuma

Kutenganisha lengo la stoki. Haihitaji hata mtaji, ni namba mbili kwenye kompyuta.

#26 MkatabaMrefu

Hayo yote ni ya meneja wa duka. Swali la RafuMoja lilikuwa kuhusu mtindo mzima. Leteni tenda.

#27 Valvu

FundiBaridi, kabla hujashika sabuni, anza na daftari la kujazia gesi la miaka 3. Mtambo unaojazwa kila msimu wa joto una ufa kwenye kondensa juu ya paa, humo ndani utapaka mapovu bure.

#28 FundiBaridi

Daftari lenyewe wengi hawana. Hapo ndipo pa kuanzia basi.